Kona Zote za Nyumba ya Mzee Rama

Machi 5
Mvua imeanza saa nane mchana na mpaka sasa haijanyamaza. Wateja wawili tu leo, wote wa pasipoti. Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo vya kazi, mwanga na kimo cha stendi, lakini vipimo vimeisha kwenye kurasa mbili na masika ndiyo kwanza yameanza. Basi nitaandika na mengine. Mke wangu Paskalina anasema mtu anayeongea na daftari hana marafiki. Ninao, ila mvua ikinyesha hawanijui.

Machi 8
Amekuja Msafiri, mtoto wa marehemu Mzee Rama aliyekuwa na duka la vitambaa. Msafiri anaishi Arusha, anajuana na wenye mahoteli. Alisimama mlangoni akisoma kibao changu kwa sauti: PICHA INAYOONA KONA ZOTE. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwonyesha ukumbi wa harusi niliopiga kijijini Bonga mwezi wa kwanza. Unauzungusha kwa kidole kwenye simu, unatazama mbele, nyuma, juu, chini, unarudi ulipoanzia. Akauzungusha mara tatu.

"Hapa mtu hawezi kujificha," akasema.

Nikajibu, "Hata panya, kaka."

Anataka nyumba ya baba yake kule Maisaka ipigwe ndani yote, ili ndugu zake walioko Muscat waione. Kazi ya Jumamosi.

Machi 10
Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Unaweka kamera yenye lenzi pana katikati ya chumba, juu ya stendi ya miguu mitatu. Unapiga, unageuza kidogo, unapiga tena, mpaka umekamilisha duara. Kila picha lazima iibe theluthi ya mwenzake, la sivyo kompyuta haina pa kushikia mshono. Na kamera isizunguke kwa kiuno chake, izunguke kwa jicho la lenzi. Ukikosea kwa upana wa vidole viwili tu, mguu wa meza unatokea mara mbili. Chuma cha kuirudisha kamera nyuma, ili lenzi ikae katikati ya stendi, alinichomelea fundi mmoja karibu na stendi ya mabasi, nami sijaona cha dukani kinachokishinda. Watu wananiita fundi cherehani wa picha. Wanadhani wananitania.

Nyumba ya Mzee Rama ina sebule katikati, na vyumba vyote vinafungukia sebuleni. Msafiri alitaka milango yote iwe wazi ili nyumba nzima ionekane kwa mpigo mmoja. Kumbe mjane yumo ndani. Ni Mama Amna, jina lake Zuwena, mke mdogo wa marehemu, si mama yake Msafiri. Mzee alifariki Januari, na mama huyu yuko eda: miezi minne na siku kumi hatoki nje, wala haonwi na mwanamume asiye ndugu. Mimi Mkatoliki, mambo hayo nayajua kwa kuyasikia tu, lakini heshima ni heshima. Nikasema nirudi siku nyingine. Msafiri akasema ndugu wa Muscat wanasubiri, na simu yake ikaita, akatoka nayo barazani.

Nikabaki nimesimama mlangoni, nimeinamisha macho. Ndani alikuwapo pia jirani, Faudhia, anayemletea chakula. Uani mvua inamwagika, vyumba vyote wazi, na lenzi yangu inaona mpaka uvunguni. Ndipo nikapata ujanja.

"Shikamoo, mama," nikasema nikitazama sakafu. "Mimi nitazunguka na kamera. Wewe kaa nyuma ya mgongo wangu. Nikigeuka, na wewe unageuka. Sitatazama nyuma hata mara moja."

"Marahaba. Sawa, mwanangu."

Faudhia akasema, "Subiri kwanza tutoe vitu. Picha inakwenda Uarabuni, wasije wakasema Zuwena mchafu." Wakaondoa mswala, kandambili, kikombe, godoro la chini alilokuwa akilalia tangu msiba, wakavifungia vyote kabatini. Sebule ikabaki na makochi na ukuta.

Tukazunguka. Picha nane, hatua nane, wao wawili nyuma yangu. Nilisikia nguo zao zikiburuzika sakafuni, na mara moja nikamsikia mama akicheka kidogo, halafu akajizuia. Nimeifurahia kazi hii kuliko harusi zote za mwaka jana.

Machi 11
Umeme umekatika saa nne, kompyuta ikiwa nusu ya kushona. Naanza upya.

Machi 12
Umekatika tena. Ziwa letu hapa Babati limepanda, watu wanakwenda kulitazama. Mimi natazama kompyuta nyeusi.

Machi 14
Imekamilika. Mishono haionekani hata ukiitafuta. Kioo cha kabati ndicho kilichonisumbua. Ndani yake tulionekana mimi, miguu ya stendi, na upindo wa shuka jeupe la mama. Mpigaji akionekana kwenye kioo, kazi imeharibika, kwa hiyo nimevifuta vyote na kujaza ukuta mahali pake. Msafiri aliizungusha muda mrefu. Akanipa mkono na kusema mimi ni mtu wa kufika mbali.

Machi 19
Diski imejaa. Nimefuta picha mbichi, zile za kabla ya kushonwa, za mwezi wote, kadi nazo nimezisafisha kwa kazi ya kipaimara. Mvua.

Machi 27
Msafiri amepiga simu kutoka Arusha. Kuna hoteli mpya karibu na hifadhi, vyumba arobaini, wanataka kila chumba kizungushwe. Amewatajia mimi. Nilimwambia Paskalina, akaenda kununua nyama.

Aprili 6
Mvua. Kazi hakuna.

Aprili 17
Leo asubuhi Faudhia amekuja studio. Hakukaa. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye mwavuli mpaka sakafuni.

Habari aliyoileta naiandika kwa utaratibu, maana nimeisikia vibaya nikiwa nimesimama. Baada ya arobaini ya Mzee Rama, familia ilikaa kikao. Msimamizi wa mirathi ni mdogo wake marehemu, Mzee Sele, yuko Kondoa. Alitoa neno moja. Mjane akikaa eda yake yote ndani ya nyumba ile, abaki humo na binti yake Amna, anayesoma bweni, mpaka Amna amalize shule. Akiihama kabla eda haijaisha, nyumba iuzwe, warithi wote wagawane. Kila mtu aliridhika, au alisema ameridhika.

Sasa Msafiri amepeleka neno Kondoa kwamba mama wa kambo hakai eda. Kwamba aliondoka mwezi wa pili, anaishi kwa watu wake, nyumba iko tupu. Na ushahidi ni picha yangu. Mzee Sele ameizungusha kwenye simu ya mjukuu wake, sebule, vyumba, uvungu, kila kona. Hakuna mtu, hakuna kandambili, hakuna hata kikombe.

"Mimi nimempigia," Faudhia akasema. "Nikamwambia, baba, nakula naye kila siku. Akaniambia wewe ni shoga yake. Wanawake wote wanaokwenda kumjulia hali, kwake yeye ni mashoga. Shehe naye kaulizwa, kasema yeye haingii kwa mwanamke aliye eda, hawezi kusema alichokiona. Mzee kasema jirani ana mdomo, picha haina mdomo."

"Nitampigia mimi."

"Hataki simu. Kasema kwenye simu mtu anaweza kuwa yeyote. Aliyepiga aje, amwone kwa macho. Kampa Mama Amna mpaka siku ya mwisho ya mwezi huu. Baada ya hapo anatia sahihi, nyumba inauzwa." Akakunja mwavuli, akaukunjua tena. "Baba fulani, wewe ulikuwapo. Huna undugu na yeyote kati yao. Ukienda, imekwisha."

Sina mtoto, ndiyo maana aliniita baba fulani. Nikamwambia nitakwenda.

Aprili 18
Nimetafuta picha mbichi siku nzima. Ile ya kioo ingetosha, upindo mmoja tu wa shuka jeupe. Nimepekua diski, nimepekua kadi, nimeweka ile programu ya kufufua vilivyofutwa. Zimefufuka nyuso za watoto wa kipaimara, mia na zaidi, wote wamevaa nyeupe. Mama Amna hayumo. Nilimfuta mwenyewe, tena nikaandika humu kwa majivuno.

Aprili 19
Msafiri amefika. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alileta maandazi.

"Nasikia jirani alikuja kukuchanganya," akasema. "Kaka Alois, wewe kazi yako ni nini?"

"Kupiga picha."

"Ulipiga ulichokiona. Kwenye picha kuna mtu?"

"Alikuwa nyuma yangu. Wewe mwenyewe ulinifungulia mlango."

"Nimeuliza kwenye picha." Akafuta vidole kwa karatasi. "Wale wa hoteli wanakuja wiki ijayo. Nimewaambia huyu picha zake hazina ubishi. Sasa ukienda Kondoa kumwambia mzee kwamba picha yako ilificha mtu, mimi niwaambie nini? Kwamba kibao chako pale nje kinadanganya?"

Alipoondoka nilitoka kukitazama kibao. Mvua imekibandua rangi kwenye herufi mbili.

Aprili 20
Mvua kubwa. Sikwenda.

Aprili 21
Mvua. Kulikuwa na picha za pasipoti.

Aprili 22
Jumapili. Padri alihubiri juu ya Petro kumkana Bwana. Kanisa limejaa watu mia nne, na alinitazama mimi. Au nilidhani.

Aprili 23
Mvua. Barabara itakuwa imeharibika.

Aprili 24
Watu wa hoteli hawajaja. Wanasema keshokutwa. Nikisafiri nitawakosa.

Aprili 25
Mvua.

Aprili 26
Wamekuja, Mzungu mmoja na mhasibu. Wameipenda picha ya nyumba ya Mzee Rama kuliko zote. Mzungu ameuliza nyumba nzuri hivi mbona haina mtu. Nikasema wamiliki wako nje. Nimesema hivyo kwa mdomo wangu, wala hakuna aliyenishika koo.

Aprili 28
Faudhia alipita mbele ya studio. Hakuingia. Hata salamu hakunipa.

Aprili 30
Leo ndiyo siku ya mwisho. Basi la Kondoa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na moja nilikuwa nimeamka, nimevaa, begi la kamera liko mlangoni. Mvua ikaanza. Nikakaa kitandani nikiwa na viatu.

Paskalina aliniangalia muda. Halafu akasema, bila kupaza sauti, "Alois, ile barabara ya Kondoa ni ya lami. Mvua haizuii basi."

"Najua."

"Kama unaogopa, sema unaogopa. Usimsingizie Mungu na mvua yake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lenyewe si lako, la yule mama."

Nikasema naogopa. Ni mara ya kwanza nalisema. Nilidhani nikilisema nitasimama, lakini sikusimama. Basi likaenda.

Mei 2
Silali, sili. Nimepigiwa simu na hoteli: kazi nimepata. Paskalina hakununua nyama.

Mei 3
Nimekwenda.

Naandika haya nikiwa Kondoa, nyumba ya wageni, taa ya chemli. Mzee Sele amekonda, anatembea kwa mkongojo, lakini jicho lake kali. Nilimwamkia, nikamweleza yote kuanzia mwanzo: mvua, milango wazi, mama nyuma ya mgongo wangu, kandambili kabatini, kioo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Faudhia."

"Faudhia aliniomba tangu tarehe kumi na saba, mzee. Leo ni tatu. Hii nimekuja mwenyewe."

"Mimi nimeitazama ile picha. Nimekwenda kila mahali mle ndani kwa kidole changu. Unataka niamini mtu alikuwemo?"

Nikamwomba ruhusa niweke kamera katikati ya sebule yake. Akaridhia kwa kunisuta. Nikawaomba mzee, mke wake, na mjukuu mwenye simu wasimame nyuma yangu, nami nikigeuka wageuke. Mke wake alisema mumewe hawezi kuzunguka, atachoka. Mzee akasema atazunguka. Akaweka mkono begani pangu. Tukaenda hatua nane, polepole, kila hatua mkongojo ukigonga sakafu, nami nikisubiri avute pumzi ndipo nibonyeze. Kwenye hatua ya sita alitaka kuanguka, nikamshika bila kugeuza macho.

Nikashona kwa kompyuta ya mkononi, kazi ya haraka, mishono inaonekana kama viraka. Nikampa.

Akazungusha. Kiti chake, kiko tupu. Mlango wa chumbani, kitanda, kiko tupu. Dirisha, saa ya ukutani, rafu ya misahafu, na kiti chake tena. Alizunguka mara mbili. Mke wake alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, akaweka mkono mdomoni.

"Mimi niko wapi?" mzee akauliza.

"Nyuma yangu, mzee. Ulikuwa umenishika bega."

Mzee akaiweka kompyuta juu ya meza, akaisogeza mbali naye kidogo.

"Kwa hiyo Zuwena alikuwemo."

"Alikuwemo. Hata sasa yumo."

"Hayumo," akasema. "Jana nimetia sahihi. Msafiri alikuja na mnunuzi mpaka hapa. Wamekwisha kukabidhiana, na yule mnunuzi hana kosa, kanunua kwa haki. Leo asubuhi wameweka kufuli." Akanitazama, na uso wake haukuwa na ukali tena, nikatamani ungekuwa nao. "Nilisubiri Jumatatu yote. Nilimwambia huyu mtoto akae barazani atazame mabasi."

Nimelia mbele ya watu nisiowajua. Mke wa mzee akaniletea chai, nikainywa, sikuwa na haki nayo.

Mei 4
Kabla sijaondoka mzee alimpigia Shehe wa Babati nami nikisikia. Alisema kwenye swala ya Ijumaa itangazwe kuwa Zuwena alikaa eda yake ndani ya nyumba ya mumewe, na aliyesema vingine amesema uongo. Alisema pia kwamba yeye Sele alihukumu kwa picha. Msafiri ameitwa Kondoa na mzee, hajaenda, na sidhani kama atakwenda. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Huyu yake imefika Arusha.

Mei 6
Mama Amna amehamia Nakwa, chumba kimoja, uani kwa mtu. Alitolewa akiwa amejifunika shuka, wanawake wakamzingira njia nzima ili asionwe. Faudhia ndiye aliyenisimulia, dirishani, kwa ufupi. Eda anaimalizia huko.

Mei 9
Nimeiandikia hoteli kwamba kazi siifanyi. Sikueleza. Mvua imepungua.

Mei 17
Mfungo umeanza. Studio kimya.

Mei 27
Eda iliisha jana. Leo alasiri tumekwenda Nakwa, mimi na Paskalina. Amna alikuwapo, shule zimefungwa. Kumbe siku zote hizi sikuwa nimewahi kumwona mama huyu usoni. Ni mwanamke mfupi, ana alama ya chunusi ya zamani shavuni, amevaa gauni la maua. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na ungo wa mchele wa futari mapajani.

Nikamwamkia, nikamweleza. Sikusema mvua. Nilisema nilipewa siku kumi na tatu, nikaziacha zikapita kwa kuogopa kupoteza kazi, na siku ya mwisho nilikuwa nimevaa viatu. Paskalina alikuwa ananitazama, kwa hiyo sikuruka kitu. Nikaomba msamaha.

"Nimekusikia," akasema.

Basi. Baadaye akamgeukia binti yake. "Amna, hiyo picha unayo? Mimi sijaiona. Watu wote wameiona isipokuwa mimi."

Amna alikuwa nayo kwenye simu. Mama akaishika kwa mikono miwili, hajui kuizungusha, binti akamwonyesha kidole kinavyokwenda. Sebule ikatokea. Akaanza kuizungusha polepole na kumweleza Amna.

"Hapa inatazama mlango wa mbele, kwa hiyo mimi nilikuwa huku, karibu na kochi la baba yako. Hapa inatazama kochi, mimi nimesimama mlangoni. Hapa ni chumba chako, umeona kitanda chako? Mimi nilikuwa upande wa kabati. Faudhia alinikanyaga, nikacheka."

Akaendelea hivyo hatua zote nane, mpaka mlango wa mbele ukarudi. Alipofika kwenye kioo akaisogeza simu karibu na macho. Nilijua anachotafuta. Hakukipata.

"Kumbe kazi yako uliifanya vizuri, mwanangu," akasema. "Hata kidole changu hakikubaki."

Akamrudishia Amna simu, akavuta ungo, akaendelea kuchambua mchele.